E-Class, 5 Series, A6 au Crown: ukikaa ndani ipi inakubembeleza?

Toleo hili maswali mengi ni ya magari ya kibosi, zile sedani ndefu za kufunga tai, na cha kufurahisha safari hii karibu wote mmeuliza habari ya kukaa ndani, sio mbio. Nimechagua machache, lile la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu kama kumi hivi.

Kaka, habari za kazi. Mimi nafanya biashara Dodoma, nashuka Dar karibu kila wiki kwa gari na kurudi. Nina Toyota Mark X, imenitunza lakini sasa nataka kupanda daraja. Mezani nina nne: Mercedes E250, BMW 523i, Audi A6 na Toyota Crown Royal Saloon, zote za 2013. Usiniambie ipi inakimbia, niambie ipi nitashuka Kimara mgongo hauniumi. Msomaji, Dodoma.

Nzuri sana kaka, na asante kwa kuanza hivyo hivyo, maana zote nne zinafika 120 bila kutoa jasho na wewe mwenyewe unajua kuanzia Kibaigwa, Gairo mpaka Dumila vibao vya 50 na trafiki hawakupi nafasi ya kujaribu zaidi ya hapo.

Tuanze na Mercedes. E-Class ya 2013 ni ile bodi ya W212, ilitoka 2009 ikaenda mpaka 2016, na hiyo 2013 ndio mwaka iliyobadilishwa sura. Ukiingia mara ya kwanza utasikitika kidogo, kiti kigumu, yaani unajiuliza ndio hiki watu wanachosifia? Subiri. Kiti laini sana kinakupendeza yadi kwa dakika tano halafu ukifika Gairo mgongo unaanza kudai, hiki cha Mercedes ni kinyume chake, kinakushika kuanzia mapajani mpaka mabegani na ukishuka huna habari. Shokapu zake za kawaida zina vali ndani, gari ikipita kwenye vijikwaruzo vidogo zinalegea, ukiingia kona au shimo kubwa zinakaza zenyewe, hakuna kompyuta hakuna swichi. Kwa hiyo ukipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo vya kupunguza mwendo, unasikia mlio wa tairi chini, ule mtetemo wa kupanda mpaka kwenye meno haufiki. Na bodi imechongwa kukata upepo vizuri, kwa hiyo spidi ikipanda mnaongea sauti ya kawaida tu.

Kitu kimoja lakini ambacho yadi hawakwambii. Wewe unatoka kwenye Mark X, mkono wa kulia umezoea indiketa. Kwenye hiyo E250 fimbo iliyo kulia kwa usukani ni GIA, indiketa iko kushoto. Nakuhakikishia utataka kukunja kushoto Morogoro mjini halafu unaisukuma gia kwenda N, injini inavuma, gari haiendi, wa nyuma anapiga honi. Jipe muda wa kuzoea kabla hujaingia barabara kuu.

BMW ya mwaka huo ni F10, 2010 mpaka 2016, na chini ni ndugu kabisa wa 7 Series ya wakati ule, ndio maana ukifunga mlango unahisi umeingia kwenye gari kubwa zaidi ya ulilolipia. Kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni milimita 2,968, E-Class ni 2,874, Crown 2,850. Urefu huo una faida, ukipita kwenye wimbi la lami gari hainyanyui pua halafu ikadidimia, inapita imelala. Gia boksi ya spidi 8 huisikii ikibadilisha. Tatizo la 5 Series kwa barabara zetu liko kwenye tairi, zinakuja na zile ranifleti, tairi ambazo ukuta wake wa pembeni umeimarishwa ili likipata pancha liendelee kubeba gari kama kilomita 80 kwa spidi ndogo. Sasa ukuta mgumu hivyo ukikutana na kiungo cha daraja au kiraka cha lami unakupelekea taarifa yote kiunoni. Halafu ongeza ile pakeji ya M Sport ambayo kila mtu anaitaka kwa sababu ya sura, springi fupi, rimu 18 au 19, hapo ndio mtu anakwambia BMW ni ngumu. Sio BMW ngumu, ni yake ndio ngumu! F10 ya kawaida isiyo na M, rimu 17 na tairi 225/55, ukitoa ranifleti ukaweka tairi za kawaida, ni gari nyingine kabisa, hata fundi wako atashangaa. Gharama yake ni kwamba kwa kawaida haiji na spea tairi, kwa hiyo utatembea na pampu na dawa ya pancha kwenye buti au utafute namna ya kubeba tairi.

A6 nitaipitia haraka. Ndani imefinyangwa kwa mkono mzuri kuliko zote nne, kila kitufe kinabonyea kwa heshima, na ni kimya. Ila injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, pua nzito, ukiendesha wewe utaihisi kwenye kona, ukikaa nyuma huijui. Na zile za quattro, yaani zinazovuta tairi zote nne, zinazotoka Japan nyingi gia boksi yake ni ya klachi mbili, barabara kuu tamu sana, lakini foleni ya kusogea hatua hatua kutoka Kibamba inaweza kukupa vile vijimtikisiko vya kuanza na kusimama. Ukiona imeandikwa S line jua ni ndugu wa M Sport, ngumu kwa makusudi.

Crown Royal sasa. Hii bodi ilitoka mwisho wa 2012, upana milimita 1,800 tu kwa sababu Wajapani wanaitengenezea mitaa yao myembamba, na imetengenezwa na mtu anayefikiria aliyekaa nyuma kabla ya dereva. Usukani mwepesi, kiti kinakupokea, matuta inayameza. Kama ni haibridi ya 2.5 basi kwenye foleni inatembea kama imezimwa. Mjini hapa hakuna Mjerumani anayeigusa kwa raha, nasema hivyo nikijua barua zinakuja. Inakoshindwa ni spidi ikizidi 100 kwenye lami yenye mawimbi, yale maeneo malori yamekandamiza barabara, gari inapanda inashuka inapanda tena mara ya pili wakati E-Class imeshamaliza habari hiyo kwa mara moja. Safari fupi huoni shida, kwa kilomita 450 kwenda na 450 kurudi kila wiki shingo inachoka kufuata.

Kwa safari yako mimi ningechukua E250, isiyo na mapambo ya AMG (M Sport ya Mercedes hiyo), rimu 16 au 17, na ningeweka pembeni hela ya bushi na shokapu kabla hata gari haijatoka bandarini. Kama hutaki stress ya spea, yaani unataka kitu ukiharibikiwa Dumila fundi anakijua, chukua Royal halafu fungia shokapu mpya orijino, ule mbembeo wa ziada utapungua sana maana nusu yake sio Crown, ni shokapu iliyochoka.

Nina Crown Athlete, jirani ana Royal ya mwaka huo huo. Yake inateleza, yangu inanirusha kama daladala. Si gari moja hizi? Au niliuziwa iliyopata ajali? Msomaji, Tabata.

Hujauziwa kimeo, umeuziwa mdogo wake mtukutu. Athlete shokapu na springi zake zimekazwa, na chini imevaa 225/45 rimu 18. Piga hesabu, namba ya pili ni asilimia ya ya kwanza, 45 ya 225 ni kama milimita 101 za mpira kati ya rimu na barabara. Royal yenye 215/60 rimu 16 ina 129. Hizo karibu sentimita tatu za mpira na hewa ndizo jirani anazoteleza nazo, na sisi huku tunazivua wenyewe tukafunga rimu 19 halafu tunalalamika barabara mbovu.

Kabla hujauza gari fanya mambo mawili. Moja angalia upepo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika imeandikwa kwa kPa, 230 ni kama 33 psi. Vijana wa pancha wengi hapa mjini ukiwaacha wanajaza 40 na wanaamini wamekusaidia. Pili chuchumaa usome ubavu wa tairi, tafuta tarakimu nne ndani ya duara la yai, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi ikiwa ya zamani hivyo hata kama kashata zake, ile mikato ya juu, bado nene mpira umeshakauka, unavuma na unapiga. Ukibadilisha tafuta rimu 17 za Royal, tairi 215/55, gari itapungua urembo lakini mkeo ataacha kukwambia upunguze mwendo.

Shikamoo. Tulimnunulia mama gari nzuri ya kifahari, laini kweli kweli, tukadhani tunamstarehesha. Kila tukienda Iringa anatapika, na kwenye basi hatapiki! Tumekosea wapi? Msomaji, Mbezi.

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Hapa ulaini wenyewe ndio mkosaji.

Mwili wa binadamu una mitikisiko ya aina mbili isiyoipenda. Kuna ile ya haraka, mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, hiyo inachosha mgongo na tumbo na ndiyo gari ngumu inayotoa. Kuna ile ya pole pole, bembea moja kila baada ya sekunde tano hivi, hiyo haikuumizi popote ila ndiyo inayoleta kichefuchefu, ni ile ile ya boti ya Zanzibar siku ya upepo. Gari laini inafuta ya kwanza vizuri sana halafu inakuachia ya pili. Sasa weka gari hiyo kwenye kona za Kitonga, ikiinama kushoto ikiinama kulia, dereva anakanyaga breki anaachia nyuma ya lori, mama yuko nyuma vioo vyeusi pazia limefungwa AC ya baridi na haoni barabara. Masikio yanamwambia tunasogea, macho yanamwambia umekaa sebuleni. Kwenye basi anaona mbele au anaona dirisha kubwa, ndio tofauti.

Mhamishieni mbele. Najua mnaona kumkalisha nyuma ndio heshima, lakini kiti cha mbele kinaona kona kabla haijafika. Fungueni hayo mapazia. Gari ikiwa na swichi ya komfoti na spoti inayogusa shokapu, kuanzia Ruaha Mbuyuni wekeni spoti mpaka mmalize mlima, itakaza shokapu ipunguze kuinama, ukishafika Ilula rudisha. Mkague pia shokapu za nyuma, zikifa gari ya laini inakuwa mtumbwi. Na dereva, nadhani ni wewe, shika mwendo mmoja, hiyo kanyaga achia kanyaga achia ingemtapisha hata rubani.

Nauliza kuhusu hizi za saspensheni ya upepo. Niko Mombasa, nimepata E-Class ya mtu hapa hapa mjini ina Airmatic, Nairobi na kurudi nimeipanda ni kama zulia. Marafiki wananitisha. Ninunue? Msomaji, Nyali.

Wasikutishe, na wasikudanganye pia. Ikiwa nzima hakuna springi ya chuma itakayokupa kile ulichokipanda, hasa ukiwa umejaza familia na mizigo, maana inapima urefu na kujisawazisha, gari iliyobeba watu watano inakaa sawa na iliyobeba mmoja. Barabara ya kwenu na yale malori yote mpaka Mtito Andei, unashuka bado una hamu ya kuendesha.

Ila springi yake ni pira la mpira lililojazwa upepo. Mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu miaka na joto, na gari ya miaka kumi na kitu mapira yake yana miaka kumi na kitu hata kama dashibodi inasoma kilomita elfu 60. Ukianza kuvuja kidogo kampresa inafanya kazi muda wote kujazia, mwisho inaungua, sasa umeua vitu viwili kwa uvivu wa kimoja.

Kwa hiyo usiipime kwa kuiendesha tu, mwambie mwenye gari aizime jioni mahali tambarare wewe ufike asubuhi KABLA hajaiwasha. Weka vidole kati ya tairi na fenda kona zote nne. Vinaingia vinne kulia na viwili kushoto? Hapo kuna pira linavuja na bei ishuke kwa thamani ya hilo pira. Halafu washa, sikiliza kampresa, ikinguruma kidogo ikanyamaza ni sawa, ikinguruma mpaka mmemaliza kuzungumza bei sio sawa. Mtu akikwambia usijali tutafunga springi za chuma, inawezekana, wengi wamefanya, lakini hapo unakuwa umenunua jina la Airmatic bila Airmatic, bora utafute ya springi tangu kiwandani maana shokapu zake zilipangwa na springi hizo.

Na kwa vile uko Kenya unajua wenyewe gari iliyozidi miaka 8 haiingii tena bandarini, kwa hiyo hizo W212 mlizonazo ndizo zilizopo, zinapita mkono kwa mkono. Omba karatasi za gereji. Huku kwetu za zamani bado zinaingia ila TRA wanakukumbusha kwa kodi ya uchakavu.

Crown yangu mpya inaongea Kijapani kila nikiwasha na redio haishiki stesheni. Ukimya umezidi hadi naogopa. Msomaji, Mwanza.

Hahaha. Kinachoongea mara nyingi ni kile kidude cha kulipia barabara za kule Japan, kinakwambia hakuna kadi, mafundi umeme wanakichomoa bila shida. Redio ya Japan FM yake ilianzia 76 kuishia 90, wakaja kuongeza mpaka 95, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kidude cha kushusha masafa kinafungwa kwenye waya wa antena ila sauti yake mimi siipendi, inakwaruza, na gari yenye spika nzuri hivyo unaionea. Badilisha redio kabisa, ila kama AC inasetiwa kwenye skrini hiyo hiyo usikubali mtu aichomoe mpaka amekuonyesha gari nyingine kama yako aliyoifanya.

Kaka, mimi sina fundi wa kwenda naye yadi. Ndani ya dakika kumi nitajuaje kama gari bado ina ule utamu wake au imebaki jina? Msomaji, Kahama.

Kwanza waombe wasiiwashe kabla hujafika, unataka kuikuta injini ya baridi. Washa, kanyaga breki, weka D, zima AC na redio, halafu weka kiganja juu ya usukani na kingine kwenye kiti cha abiria. Ukihisi mtetemo unaopotea ukiweka N basi injini mauntingi, yaani mipira inayobeba injini, zimechoka, zile za magari haya zina mafuta ndani na zikipasuka gari ya milioni nyingi inatetemeka kama jenereta. Watu wengi wanaishi na mtetemo huo miaka wakidhani ndio gari ilivyo.

Ukitoka nayo teremsha vioo vyote, pita kwenye tuta kwa mwendo wa kutembea, tairi moja kwanza na sio zote mbili, pita kwa kona. Tuk moja kavu kutoka chini ni stabilaiza link au bushi, ni hela ndogo. Mlio wa kukwaruza kama kitanda cha chuma ni bushi za mpira zimekauka. Usukani ukiwa umenyooka na gari inavuta upande, usijibiwe ni alaimenti tu, muulize aifanye mbele yako.

Halafu kaa nyuma, mwambie muuzaji aendeshe yeye. Hapo ndio utasikia upepo unaoingia mlangoni kwa mpira wa mlango uliokatika, na utaona kama kiti cha nyuma povu lake limezama upande mmoja, maana gari iliyokuwa ya bosi kweli povu la nyuma nalo linazama. Likiwa limezama kiti cha dereva tu na nyuma bado jipya, mwenyewe alikuwa anaendesha peke yake, na mara nyingi hizo ndizo zilizotunzwa.